Vuli ya Berlin inaanza gizani, siyo kwenye majani

Mwisho wa Agosti, Jumamosi, nimetoka nyumbani saa 12 na robo asubuhi naenda kutembea Volkspark Rehberge, ile bustani kubwa ya upande wa Wedding hapa Berlin, na kitu cha kwanza kunishtua wala haikuwa baridi, ni taa za barabarani, ndo kwanza zinazima. Mwezi wa 6 saa kama hii jua lishamtoa mtu kitandani kitambo. Jaketi nilikuwa nimelibeba mkononi, kufika mwanzo wa bustani nikalivaa.

Kwa asiyejua, mtaa unaopakana na hii bustani wenyewe wanauita mtaa wa Kiafrika, kuna Sansibarstraße, kuna Tangastraße, Usambarastraße, Ugandastraße, na tangu Agosti 2024 kuna na Maji-Maji-Allee, kipande cha barabara ambayo mwaka 1939 ilipewa jina la Carl Peters, yule mkoloni wa Kijerumani aliyeitwa Mkono wa Damu. Kwa hiyo mtoto wa Tanga anakatiza Tangastraße kavaa jaketi, anaenda kutafuta vuli. Ukiwaza sana unacheka peke yako njiani na wapita njia wanakushangaa.

Nimesema vuli, na hapo hapo ndo mkanganyiko unapoanzia. Binamu yangu yupo Tanga, nikimwambia huku vuli imeingia ananiuliza, mvua kubwa? Na ana haki yake. Vuli kwetu ni mvua, zile chache za Oktoba mpaka Desemba, ni wakati wa vitu kuota. Huku wanachokiita Herbst ni kinyume kabisa, vitu vinafunga duka. Kamusi zingine zimeandika demani, ambayo kwa watu wa mwambao ni ule muda kusi inaishiwa nguvu na bahari inatulia kabla kaskazi haijashika, neno zuri sana lakini hakuna jani linalodondoka hapo. Wengine wakaona bora waseme majira ya kupukutika majani, sawa, ila ni refu kama cheo cha serikalini, afu linadanganya kidogo maana majani kupukutika ni mwisho wa hii habari, siyo mwanzo. Neno Herbst lenyewe asili yake ni mavuno. Mi nitaendelea kusema vuli, ila we msomaji itoe mvua kichwani kwa muda, nitairudisha baadaye.

Sasa inaanza lini? Inategemea unamuuliza nani. Watu wa hali ya hewa watakwambia Septemba 1, imeisha hiyo, wao wanataka miezi mizima mitatu mitatu ili hesabu zao za joto na mvua zilinganishike mwaka hadi mwaka. Wataalamu wa falaki watakwambia Septemba 22 au 23, siku ambayo usiku na mchana vinakaribia kulingana dunia nzima. Na kuna jibu la tatu, hili ndo mi nalipenda: idara ya hali ya hewa ya Ujerumani, DWD, ina kalenda nyingine ambayo mwaka una misimu 10 badala ya 4, na kila msimu unafunguliwa na mmea. Tarehe haina kauli. Matunda ya Holunder, vile vitunda vyeusi vinavyoning'inia kwa vishada pembeni ya njia, yakiiva tu basi vuli ya mwanzo imefunguliwa. Mbegu za mwaloni zikiiva, hiyo ni vuli kamili. Majani ya mwaloni yakigeuka rangi, hiyo ni vuli ya mwisho. Kuna watu wa kujitolea kila kona ya nchi wanaangalia mimea ya eneo moja mwaka baada ya mwaka na kutuma tarehe, ndo maana vuli ya bondeni kwenye joto inaweza kuitangulia ya milimani kwa wiki kadhaa na hakuna anayebishana. Mkulima wa Lushoto angeielewa hii kalenda haraka kuliko mtu wa ofisini.

Basi kwenye njia ya kushukia ziwani, Plötzensee, nikalikuta Holunder langu la kila mwaka. Nimelisogelea kabisa. Kishada kimoja ukubwa wa kiganja, upande uliopigwa jua vitunda vishakuwa vyeusi tii vinang'aa, upande wa kivulini bado vyekundu na vingine kijani kabisa, na vijiti vinavyovishika vimegeuka rangi ya zambarau, kishada chote kimeinama kwa uzito. Mwaka wangu wa kwanza nilivichuma nikavila vibichi nikijua ni ndugu wa zambarau za kwetu, tumbo likanipa majibu yangu usiku mzima. Vinapikwa kwanza. Mama mmoja jirani, mzee, mi namwita Oma kama wajukuu zake wanavyomuita, aliponiona asubuhi yake alicheka mpaka akakaa chini, halafu akaniletea jusi ya Holunder iliyochemshwa, ya moto, na kwa kweli ni tamu.

Ila mmea unajuaje? Turudi kwenye zile taa za barabarani.

Berlin ipo nyuzi 52 na nusu kaskazini ya ikweta. Juni 21 jua la hapa linachomoza saa 10 na dakika 43 alfajiri na linazama saa 3 na nusu usiku. Soma tena, jua linazama saa tatu na nusu usiku. Desemba 21 linachomoza saa 2 na robo asubuhi na kabla ya saa 10 alasiri lishazama. Saa zetu za Kiswahili zimejengwa juu ya jua lisilobadilika tabia, limechomoza unaanza kuhesabu moja, mbili, tatu, limezama unaanza tena, na pale Dar tofauti ya mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote kwa mwaka mzima haifiki hata saa 1. Ndo maana mtu wa kwetu hana mazoea ya kusoma msimu kwenye mwanga. Tunausoma kwenye mawingu, kwenye upepo, kwenye bei ya nyanya sokoni. Mimi miaka miwili ya mwanzo hapa nilikuwa nasubiri baridi ndo niseme vuli imefika, kumbe mwenzangu alishapita mlangoni kitambo na mi nimekaa na tisheti.

Kwa sababu kupungua kunaanza Juni 21 yenyewe, kesho yake tu mchana unaanza kukatwa. Mwanzoni ni sekunde, huoni kitu. Kufika Septemba mchana unapungua kama dakika 4 kila siku, yaani karibu nusu saa kwa wiki, ukisafiri wiki mbili ukarudi unakuta umeibiwa karibu saa nzima. Na katikati hapo joto la Julai na Agosti linakuzuga. Ni kama jiko la mkaa, umeacha kuongeza mkaa lakini sufuria bado inatokota, maana ardhi na maziwa na bahari vimetunza joto la miezi yote ile.

Na kuna hii nyingine naisikia sana hata kwa watu wenye digrii, eti baridi inakuja kwa sababu dunia inaenda mbali na jua. Hapana bana. Dunia inakuwa karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari, wakati Wajerumani wamevaa makoti mpaka magotini. Shida ni kuinama. Dunia imelala upande nyuzi 23 na kidogo, Juni huku kaskazini kunakuwa kumeligeukia jua, ikifika Septemba kunaanza kuligeuzia mgongo taratibu, jua linapita chini zaidi angani na miale inakuja kwa mshazari, mwanga uleule unatandazwa kwenye eneo kubwa zaidi. Ukitaka kuliona hilo bila mwalimu angalia kivuli chako saa 7 mchana Juni, halafu angalia tena mwisho wa Septemba palepale, kimerefuka.

Hiyo siku ya Septemba 22 au 23 mi huwa naifurahia peke yangu, Berlin na Dar zinapata mchana karibu sawa. Jua la hapa linachomoza karibu saa 1 asubuhi na kuzama saa 1 jioni na dakika kidogo. Siku chache saa ya Kiswahili inakuwa na maana hata Ujerumani, halafu inaharibika tena.

Mti sasa. Ndani ya majani kuna protini inaitwa fitokromu, inabadilika umbo ikipigwa na mwanga na kurudi taratibu kukiwa giza, na kwa njia hiyo mti unapima urefu wa usiku. Joto nalo lina mchango, Septemba ikiwa ya joto rangi zinachelewa, lakini joto ni kigeugeu, usiku hauongopi. Kama unabisha katafute mti uliosimama jirani kabisa na taa ya barabarani, njoo mwezi wa 11, mara nyingi utakuta matawi yanayopigwa na taa bado yana majani ya kijani wakati upande wa pili umebaki vijiti. Yale matawi hayajui kuwa usiku umekuwa mrefu.

Mti ukishapata taarifa unaanza kuhamisha mali. Klorofili, ile inayolipa jani ukijani, imeshikwa na protini ambazo ni ghali, zina nitrojeni nyingi, na mti hauko tayari kuziacha zidondoke chini. Unavivunjavunja vyote na kurudisha nitrojeni na fosforasi ya jani kwenye matawi na mizizi kabla jani halijaachiwa. Ukijani ukiondoka unabaki umanjano, karotenoidi, ambao ulikuwepo humo humo tangu mwezi wa 5 ila umefunikwa. Yaani jani la njano halijapakwa rangi, limevuliwa. Nimeokota jani moja la mti wa Ahorn pale, lina vidole vitano, katikati ya mishipa lishakuwa njano lakini kando kando ya kila mshipa kuna mstari wa kijani, kwa sababu mishipa ndo barabara ya kutolea mali na inafungwa mwisho. Nikaona kabisa mali inavyotoka. Huku nyuma kwenye kikonyo kunajengwa tabaka la seli kama kizibo, likikamilika upepo mdogo tu unatosha.

Wekundu ni habari nyingine. Ule haukuwepo, unatengenezwa upya mwishoni, unaitwa anthosayanini, na kwa nini mti unaofunga duka uingie gharama ya kupiga rangi, wataalamu bado wanavutana, wengine wanasema ni mwavuli wa kulikinga jani na jua wakati linahamisha mali, wengine wanasema ni onyo kwa wadudu. Ulaya wekundu ni mchache, misitu ya hapa inaenda njano zaidi, ukitaka nyekundu ya kupigia picha nenda Marekani ya kaskazini mashariki au Japani.

Au nenda Tanga. Sifanyi utani. Mkungu, ule mti wa kivuli wa mwambao wote kuanzia Lamu hadi Mtwara, tuliokuwa tunaokota kungu zake na kuzigonga na jiwe tupate kile kiini, majani yake mapana yanakuwa mekundu kabla ya kudondoka, unayakanyaga uwanjani yanalia kra kra, na rangi ile ni anthosayanini hii hii. Tumekulia chini ya vuli ya Kizungu bila kuitambua. Na mwembe nao, yale majani machanga ya juu yaliyolegea, rangi ya shaba, mekundu mekundu, ni kitu hicho hicho. Sasa angalia hiyo, mwembe unaweka rangi kwenye jani linalozaliwa, mti wa huku unaiweka kwenye jani linalokufa. Hata misitu ya miombo kule Tabora na Katavi inafanya kama mwembe, kiangazi kinapoelekea mwisho, kabla hata tone la mvua, inachipua majani mekundu na ya rangi ya shaba, mgeni kutoka Ulaya akipita anadhani msitu unapukutika kumbe ndo unaamka.

Sasa onyo kuhusu ishara feki, maana nilishaliwa hapa. Ukifika Berlin Agosti utaona miti mikubwa ya Kastanie imekuwa kahawia kabisa, majani yamekauka kama yamepigwa pasi, na utapiga picha utume nyumbani useme vuli. Siyo. Ni mdudu. Kuna nondo mdogo sana, milimita 5 hivi, aligunduliwa miaka ya 1980 maeneo ya ziwa Ohrid kule Makedonia Kaskazini, akasambaa Ulaya karibu yote kwa miaka kama 20. Watoto wake wanakaa ndani ya jani, katikati ya ngozi ya juu na ya chini, wanakula nyama ya katikati. Namna ya kumkamata ni rahisi, chukua jani linyanyue uelekeze kwenye mwanga, utaona mabaka ya kahawia yamebanwa kati ya mishipa na ndani yake kuna vidoa vyeusi, huyo ndo yeye au kinyesi chake. Halafu angalia mti wa Kastanie wenye maua mekundu ukiuona karibu, huo haumtaki, utakuta bado wa kijani kabisa kwenye mtaa uleule. Nondo huyo anavuka msimu wa baridi ndani ya majani yaliyodondoka, ndo maana hapa majani ya Kastanie wanahimizana kuyaondoa, siyo usafi tu.

Na mti wa Birke, ule wenye gome jeupe, kiangazi kikikauka sana unatupa majani ya njano hata Julai. Huo nao unapunguza matumizi ya maji, haujasikia habari za vuli.

Kwenye ziwa kulikuwa na ukungu, mwembamba, umelala juu ya maji tu na wala haukupanda kwenye miti. Usiku ukirefuka ardhi inapata muda mwingi wa kupoa na hewa inapoa nayo, lakini maji bado yana joto la Agosti, mvuke unaotoka ziwani ukikutana na hewa ile baridi unageuka kuwa vitone. Kufika saa 2 ushapotea. Nyavu za buibui ndo usizipite, siyo kwamba buibui wameongezeka ghafla, wengi wamekua tu, wamefikia ukubwa wa kusuka nyavu kubwa, na umande wa asubuhi ndo unazionyesha. Mwezi wa 9 utaona na nyuzi zinapepea hewani peke yake, zinakunasa usoni, hao ni buibui wadogo wanasafiri kwa upepo, anatoa uzi na kuuachia unambeba. Wajerumani zile siku za jua la mwisho zenye hizo nyuzi wamezipa jina lake kabisa, Altweibersommer.

Ndege nimewaacha mwisho kwa sababu ishara yao ni kutokuwepo. Julai nzima juu ya maghorofa ya Wedding kuna wale ndege weusi wenye mabawa kama mundu, Mauersegler wanawaita, ukiwaona utasema mbayuwayu ila siyo, wanapita kwa makundi wanapiga kelele kama wamefiwa. Wiki ya kwanza ya Agosti asubuhi moja kimya. Wameondoka kwenda Afrika na wanaweza kukaa angani miezi 10 bila kutua, wanakula huko na kulala huko. Nilipohamia sikuwa najua, nilidhani mwenye nyumba kawafukuza.

Na korongo weupe. Kijiji cha Linum, kaskazini magharibi ya Berlin, kinajulikana kwa viota vyao juu ya mapaa, na mwisho wa Agosti viota vinabaki vitupu. Korongo hapigi mabawa sana, anapanda hewa ya moto inayoinuka ardhini halafu anateleza, na juu ya bahari hewa hiyo hamna, kwa hiyo wa huku wengi wanazunguka Mediterania kwa kupitia Uturuki, Israel, Sinai, halafu wanaufuata Nile kushuka Sudan mpaka kwetu, wengine wanaendelea hadi Afrika Kusini. Zamani watu wa huku hawakujua wanapokwenda, kuna waliosema wanalala chini ya matope ya maziwa. Mpaka mwaka 1822, karibu na mji wa Klütz, akapigwa korongo mmoja aliyekuwa amerudi na mkuki wa Kiafrika wa kama sentimita 80 umemchoma shingo na kutokea upande wa pili, kaja nao hivyo hivyo akiruka. Bado yupo, amekaushwa, kwenye mkusanyiko wa chuo kikuu cha Rostock, na mkuki wake.

Korongo hawa wakifika Tanzania wanafuata mvua na wadudu, wakulima wanawajua, viwavijeshi wakilipuka shambani unawaona wamejaa wanatembea taratibu wanaokota mmoja mmoja. Na hizo mvua za mwisho wa mwaka ndo vuli, ile yetu, yenye mvua. Nimemtumia binamu picha ya Holunder na ya ukungu, nikamwambia korongo wa huku washaondoka. Akaniuliza wanachukua muda gani kufika, nikamwambia hawana haraka, wakishafika Sudan huwa wanapumzika wiki kadhaa. Akajibu basi na mahindi yatakuwa hayajapandwa bado.